Mjomba wa Urambo, tumbaku yake, na hii bioteknolojia tunayoichanganya

Mjomba wangu analima tumbaku Urambo, kule Tabora, na mwaka juzi alikuja Tanga kwenye matanga, tukakaa naye barazani Ngamiani, kahawa na kashata, watu wanapiga stori za kila aina. Sa mzee mmoja akamwambia huyu mpwa wako si ndo mwalimu wa bayolojia, anawafundisha watoto hiyo bioteknolojia. Mjomba akaweka kikombe chini akanigeukia, akasema haya mwalimu, mi nina majani yanaota mabaka, mizizi inafanya manundu, viwavi wanatafuna kwa juu, vijana wangu wakivuna asubuhi wanatapika, kuni kila mwaka nazifuata mbali zaidi, na msimu ukiisha nikipiga hesabu deni la pembejeo limemeza hela yote. Bioteknolojia yako inatibu lipi hapo?

Nikajibu kama notsi. Nikamwambia mjomba, bioteknolojia ni matumizi ya viumbe hai au sehemu za viumbe hai kutengeneza bidhaa au kutatua matatizo ya binadamu. Baraza zima likaangua kicheko, mjomba akanywa kahawa yake akasema ahaa, nimepona.

Nilirudi nyumbani na aibu yangu, ila Jumatatu nilipoingia kidato cha nne niliandika ubaoni yale matatizo sita ya mjomba, sikuandika maana ya neno, na toka siku hiyo sijawahi kuanza na maana ya neno tena. Kwa sababu ukitaka kujua hili neno limevuruga watu kiasi gani waulize wazazi wa wanafunzi wangu, wengi wakisikia bioteknolojia wanasikia GMO basi, yaani kiumbe kilichobadilishwa jeni maabara, nyanya yenye jeni ya samaki na maneno mengine ya vijiweni. Kumbe neno lenyewe ni kabati lenye rafu nyingi, rafu ya juu kabisa ndo hiyo ya kuhamisha jeni, yaani yale maagizo ya kurithi yaliyoandikwa kwenye DNA ya kiumbe, na huko chini kuna vitu ambavyo bibi zetu walivifanya bila kuvipa jina. Kila tatizo la mjomba linakaa rafu yake, na moja halikai kwenye kabati kabisa.

Kabla mzazi hajanipigia simu niseme, tumbaku inaua, tunaifundisha hivyo hivyo kwenye mada ya mapafu, sipigi debe la sigara hapa. Nimeichagua kwa sababu kwa watu wa maabara mmea huu ni kama panya, chochote wanachotaka kujaribu kwenye mimea wanaanza na tumbaku, kwa vile kipande chake cha jani ni chepesi kuota upya, mbegu zake ni nyingi ajabu (gramu moja tu ina mbegu zaidi ya elfu kumi), na ukoo wake ni ule ule wa nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo. Watoto wakisikia kwamba tumbaku ni ndugu wa nyanya wanaguna, lakini ukiwaonyesha ua la moja na ua la nyingine kwenye picha wananyamaza.

Tuanze na mabaka. Jani la tumbaku linapata mabaka ya kijani kilichopauka na kijani kilichokolea, linajikunja, halikui, na likikauka halina bei. Kule Wageningen, Uholanzi, mwanasayansi Adolf Mayer aliandika mwaka 1886 kwamba ukikamua maji ya jani linaloumwa ukayaingiza kwenye jani lenye afya, nalo linaumwa. Akadhani ni bakteria. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky akayapitisha yale maji kwenye chujio la kauri lenye vitundu vidogo mno ambavyo bakteria hapiti, lakini maji yaliyochujwa bado yaliambukiza. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck akarudia akasema hiki sio bakteria, ni kitu kingine kabisa, akakiita virusi. Afu mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley akakigeuza kile kitu kuwa fuwele, yaani kama chembe za chumvi, ukaweza kukiweka kwenye chupa miezi na ukikirudisha kwenye jani kinaumwisha, na mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mi hapo huwa nasimama kidogo. Hivi mnaelewa kwamba kabla ya mtu yeyote kujua virusi vya polio, vya UKIMWI, vya korona, binadamu alivijua virusi kwa mara ya kwanza kwenye shamba la tumbaku? Kirusi chenyewe ukikikuza kinafanana na gunzi la mahindi, fimbo ndefu, punje za nje ni vipande vya protini kama 2,130 vyote vinafanana, na ndani umezunguka uzi mmoja wa RNA ambao ndo wenye maagizo. Ni punje na uzi, hamna kingine. Hakili, hakipumui, kinaingia kwenye seli na kuiamrisha iache kazi zake itengeneze magunzi mengine.

Sasa kinaingiaje? Hapa ndo mjomba alishtuka nilipomwambia. Virusi vingi vya mimea vinabebwa na wadudu, lakini hiki kinabebwa na mikono. Jani likichubuka kidogo tu, hata vile vinywele vyake vikivunjika, mlango umefunguka, na ubaya wake ni kwamba kirusi hiki kinakaa kwenye jani kavu miaka na bado kinaambukiza. Kwa hiyo kijana anayesokota sigara yake ya majani makavu, au anayebana ugoro mdomoni, afu anaingia kitaluni kupunguza miche bila kunawa, anapanda ugonjwa kwa vidole vyake mwenyewe. Dawa ya kwanza ni sabuni na marufuku ya sigara kitaluni. Wakulima wa nyanya za kwenye nyumba za vioo huko nje wanachovya mikono hata kwenye maziwa ya unga yaliyokorogwa, sababu protini ya maziwa inakizima kirusi. Mjomba akasema maziwa nikachovyee mikono, watoto wangu wanywe nini.

Tulijaribu shuleni. Tukanunua sigara mbili (niliinunua mimi, na muuzaji akanitazama vibaya maana ananijua mwalimu), tukaisaga tumbaku yake kwenye maji, tukapaka majani ya miche minne ya nyanya iliyokwaruzwa kidogo kwa mchanga laini, na mingine minne tukapaka maji matupu. Tukasubiri wiki tatu. Hakuna kilichotokea! Miche yote minane ikabaki kijani inang'aa, mi nishaanza kuona haya, ndo binti mmoja akainua mkono akauliza, ticha, labda hiyo tumbaku ilikuwa haiumwi toka shambani? Swali hilo lilitufikisha nilikotaka kwenda wiki nzima.

Ni kweli, kuna tumbaku isiyougua. Mwaka 1938 Francis Holmes aliripoti kwamba amechukua tumbaku ya kawaida akaikutanisha na ndugu yake wa porini anayeitwa Nicotiana glutinosa, ambaye kirusi kikimwingia zile seli zilizoguswa zinajiua zenyewe haraka, kirusi kinabaki kimefungiwa kwenye kidoa kikavu hakitoki. Akachagua watoto wenye tabia hiyo, akawakutanisha tena na tumbaku ya kawaida, tena na tena, mpaka akapata tumbaku yenye jani zuri na kinga ya porini. Jeni yenyewe inayofanya kazi hiyo ilikuja kutambuliwa maabara mwaka 1994, miaka zaidi ya hamsini baadaye. Hii ni rafu ya pili kwenye kabati, kukutanisha na kuchagua, na hakuna mtu anayeandamana dhidi yake.

Na hapa watu wa Tanga tusijidharau. Pale Amani, juu kwenye Usambara upande wa Muheza, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na wakati wa Waingereza mtafiti H. H. Storey aliyekuwa pale ndo aliyeripoti mwaka 1936 ule ugonjwa wa muhogo wa michirizi ya kahawia, unaumenya muhogo unakuta ndani umeoza rangi ya chai. Yeye na wenzake wakafanya kile kile cha Holmes, wakaukutanisha muhogo na mpira wa Ceara, ndugu yake ambaye huwezi kumla lakini anastahimili batobato (ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo) na michirizi, wakarudisha kwa muhogo kizazi baada ya kizazi. Kazi ile ya Amani ikaja kutumika mpaka Nigeria. Mtoto wa Muheza anayekula muhogo wa nazi asubuhi anatakiwa aijue hii kabla ya kujua mambo ya maabara za Marekani.

Rafu ya juu sasa, ile inayogombaniwa. Mtu anapitishaje jeni kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine bila kukutanisha maua? Jibu ni kwamba haikubuniwa na mtu, iliibiwa kwa bakteria wa udongoni anayeitwa Agrobacterium. Huyu anaingia kwenye kidonda cha mmea, anachomeka kipande cha DNA yake ndani ya DNA ya mmea, mmea unaota uvimbe na kumtengenezea chakula. Wanasayansi wakasema sawa, tutoe zile jeni za uvimbe, tuweke jeni tunayotaka sisi, tumtume yeye yule apeleke. Mwaka 1983 makundi kadhaa, la Mary-Dell Chilton wa Marekani, la Marc Van Montagu na Jeff Schell huko Ulaya, na la kampuni ya Monsanto, yakatangaza kwamba imewezekana, na mmea waliotumia ulikuwa huyu huyu panya wetu na ndugu zake. Mwaka 1986 wengine wakaweka jeni ya kimulimuli kwenye tumbaku, ukiumwagilia kemikali fulani mmea mzima unawaka gizani. Nikionyesha hiyo picha darasani hata wale wa nyuma wanaosinzia wanaamka.

Kuna mtu lazima aseme hiyo ni kuingilia kazi ya Mungu. Mi simbishii, ila namwambia mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba viazi vitamu tunavyolima vina vipande vya DNA ya Agrobacterium toka enzi na enzi, bakteria aliviweka mwenyewe hakuna maabara wala nini. Yaani ile futari ya viazi vya nazi tuliyofuturu miaka yote ina jeni za bakteria ndani yake. Haimaanishi kwamba kila GMO ni salama, inamaanisha tu kwamba hoja ya jeni kuhama haitoshi peke yake, lete nyingine.

Basi mwaka huo huo wa 1986 kundi la Roger Beachy likachukua jeni ya ile punje ya gunzi, yaani protini ya gamba la kirusi cha mabaka, likaiweka kwenye tumbaku, na tumbaku ile ikichomwa kirusi chenyewe inachelewa kuugua au haiugui kabisa. Watu wanapenda kuiita chanjo, sio chanjo kamili kwa sababu mmea hauna damu wala kingamwili, ila ukitaka kumweleza mjomba kwa haraka haina shida. Njia ile ikaokoa mapapai ya Hawaii yaliyokuwa yanakwisha kwa kirusi kingine, aina mpya ikaanza kupandwa mwaka 1998. Na ndugu yake wa karibu, njia ya kuifanya seli yenyewe ikatekate RNA ya kirusi, ndo iliyotumika kutengeneza muhogo usiougua michirizi ya kahawia, ambao mamlaka ya Kenya iliuruhusu kutolewa kwenye mazingira mwezi Juni 2021. Ona safari ilivyozunguka, ugonjwa ulioripotiwa kutoka Amani, ukatafutiwa dawa kwa ujuzi uliotoka kwenye tumbaku, na ruhusa imetoka upande wa pili wa mpaka wa Horohoro.

Upande wetu mambo ni tofauti. Tanzania ina kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, ziliwekwa ngumu hasa kwa anayeleta madhara, zikalegezwa mwaka 2015 ili utafiti ufanyike, na Oktoba 2016 mahindi ya kustahimili ukame yakapandwa kwenye uzio pale Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 serikali ikasimamisha majaribio. Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza ticha tunakula GMO ya kulimwa hapa, namwambia sheria haijafungua mlango huo, na asichanganye mbegu chotara za dukani na GMO. Chotara ni baba huyu na mama yule wa mmea ule ule, ndo mahindi mengi ya pakiti. Hili peke yake nalirudia kila mwaka.

Viwavi wa mjomba ndo somo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linaonyesha mpaka ulipo. Kuna bakteria anaitwa Bacillus thuringiensis, Mjapani Ishiwata alimkuta mwaka 1901 kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wanakufa, na Mjerumani Berliner ndo aliyekuja kumpa jina. Anatengeneza protini ambayo kiwavi akiila inamtoboa utumbo, lakini wewe na mimi hatuna kile ambacho protini hiyo inakishika, inapita kama chakula kingine. Watu wakamkuza kwenye mapipa, wakamkausha, wakamfanya dawa ya kupulizia, na hata wakulima wasiotaka kemikali za viwandani wanairuhusu. Hiyo ni bioteknolojia na haina GMO ndani yake. Mwaka 1987 kampuni moja ya Ghent, Ubelgiji, ikachukua jeni ya protini ile ile ikaiweka kwenye, eeh, kwenye tumbaku, na kiwavi akitafuna jani anakufa bila mtu kupuliza. Protini ni ile ile! Moja unainyunyiza inaoshwa na mvua, nyingine inakaa kwenye jani msimu mzima. Na hapo ndo maswali ya maana yanaanza: wadudu watazoea haraka kiasi gani wakila sumu ile ile kila siku, nani anamiliki mbegu, mkulima atairudia mwakani au atanunua upya. Hayo ni maswali ya kweli, hayahusiani na samaki kwenye nyanya.

Manundu ya mizizi nayapitia haraka. Ni minyoo fundo, vidogo huvioni kwa macho, vinaingia mizizini mmea unadumaa, na tiba kubwa bado ni kubadilisha mazao, kutorudia kitalu kwenye udongo ule ule na kutafuta aina inayostahimili. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini wasizalishe miche safi ya tumbaku kwenye chupa kama migomba ya tishu. Swali zuri, na jibu lake linachekesha: tumbaku haihitaji, kiganja kimoja cha mbegu kinajaza shamba, lakini ujuzi wenyewe wa chupa umetoka kwenye tumbaku. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller, chuo kikuu cha Wisconsin, waliweka vipande vya kiini cha shina la tumbaku kwenye chakula cha maabara na kucheza na homoni mbili. Ukizidisha oksini kipande kinaota mizizi, ukizidisha saitokinini kinaota machipukizi, ukiweka kwa uwiano wa katikati kinabaki donge tu lisilojua linataka kuwa nini. Mwaka 1962 Skoog na mwanafunzi wake Toshio Murashige wakatoa orodha ya chumvi na sukari za kumlisha huyo donge wa tumbaku, na orodha hiyo mpaka leo ndo chakula cha chupa kwa mimea mingi duniani, migomba, mananasi, maua, mkonge. Inagandishwa kwa agari inayotokana na mwani, ingawa sio mwani huu wanaolima kina mama wa pwani yetu, huu wetu unatoa karajini ya kuwekwa kwenye dawa ya meno na maziwa ya chokoleti.

Nimetaja mkonge, siwezi kuupita hivi hivi nikiwa Tanga. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, iliyofika hai hapa kwetu ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Sisi husema waja leo waondoka leo, hao sitini na mbili walikuja hawakuondoka, wakajaza mkoa. Lakini angalia hatari yake, mkonge unazaliwa kwa maotea na vichipukizi vya kwenye mlingoti, sio kwa mbegu, kwa hiyo ni nakala ya nakala ya nakala, ugonjwa mmoja ukimweza mmoja unawaweza wote. Ndo maana pale kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano walihangaika miaka mingi kukutanisha aina tofauti za mkonge mpaka wakapata chotara wanayemwita 11648, anayetoa majani mengi kabla ya kuchanua. Wale wa chupa nao ni nakala, usidanganyike, chupa inakupa miche mingi, safi na kwa haraka, haikupi kinga mpya.

Kutapika kwa vijana. Hii mi iliniuma kwa sababu mjomba alikuwa anadhani ni uvivu. Jani la tumbaku lenye umande linatoa nikotini, inapita kwenye ngozi ya mkono, mtu anaumwa kichwa, kizunguzungu, anatapika, bila kuvuta hata sigara moja. Bibi yangu hakujua kemia ila alijua kwamba tambuu ya tumbaku bila chokaa haikolei, na sababu ni kwamba chokaa inaibadilisha nikotini iwe katika hali inayopita kirahisi kwenye ngozi ya mdomo. Somo lenyewe ni tamu: nikotini inatengenezwa kwenye mizizi afu inapandishwa juu, na ilithibitishwa miaka ya 1940 kwa kupandikiza, ukiweka kikonyo cha nyanya juu ya mzizi wa tumbaku majani ya nyanya yanakuwa na nikotini, ukigeuza, tumbaku juu ya mzizi wa nyanya, jani la tumbaku linakuwa karibu halina. Kisu na uzi tu, hakuna mashine. Siku hizi wanajua jeni zinazowasha kazi hiyo na wanaweza kuzizima, mwaka 2021 Marekani iliruhusu sigara zenye nikotini kidogo sana zitangazwe kwa sifa hiyo. Ila nikotini ndo dawa ya wadudu ya mmea wenyewe, tumbaku mwitu iliyozimwa nikotini ikipandwa porini inashambuliwa zaidi, kwa hiyo ukitibu tatizo la nne unaongeza la tatu. Nilimwambia mjomba anunue glavu, wavae mikono mirefu, wasivune mpaka umande ukauke. Hakuna jeni hapo.

Kuni, sentensi chache zinatosha. Tumbaku ya mvuke inakaa kwenye bani, yaani banda la kukaushia, kama wiki, siku za mwanzo moto mdogo ili jani liendelee kuishi na vimeng'enya vyake vigeuze wanga kuwa sukari na rangi igeuke manjano, ukikazana na moto mapema vimeng'enya vinakufa jani linabaki kijani, hasara. Huo ni ujuzi wa rafu ya chini kabisa, ukoo mmoja na mtindi na tembo la mnazi, watu wanaongoza viumbe na vimeng'enya bila hadubini. Lakini baada ya hapo ni kukausha tu, maji yatoke, na maji yanatoka kwa moto, na moto ni miombo inayokatwa. Bani bora na miti ya kupanda inasaidia, bioteknolojia haina la maana hapo.

Deni ndo lile lisilokaa kwenye kabati. Wanafunzi kila mwaka wanajaribu kuliingiza, tena kwa akili. Wanasema ticha si umetuambia tumbaku inatengeneza dawa? Ni kweli nimewaambia. Mwaka 2014 Ebola ilipowaka Afrika Magharibi, wahudumu wawili Wamarekani waliougua Liberia walipewa ZMapp, mchanganyiko wa kingamwili tatu zilizokuzwa ndani ya majani ya Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku kutoka Australia ambaye kinga yake dhidi ya virusi ni dhaifu, ndo maana anapokea kila anachopewa. Februari 2022 Kanada ikaruhusu chanjo ya korona ya kampuni ya Medicago iliyotengenezwa kwenye mmea huo huo. Darasa linashangilia, basi mjomba wako auze majani hospitalini! Hapo inabidi niwakate stimu. Mmea ule haulimwi shambani Urambo, unakaa ndani ya jengo lenye taa, unalowekwa kwenye maji yenye Agrobacterium, unavunwa baada ya siku chache, eneo dogo linatosha dozi nyingi mno. Na ile chanjo ya Medicago Shirika la Afya Duniani lilikataa kuipokea kwa sababu kampuni ya sigara ilikuwa na hisa ndani, na mwaka 2023 mwenye kampuni akatangaza kuifunga.

Deni la mjomba linatokana na mbolea aliyokopeshwa kabla ya msimu, daraja la jani linaloamuliwa na mnunuzi siku ya soko, na bei. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, una kifungu cha 17 kinachosema nchi ziwasaidie wakulima wapate kazi mbadala zinazolipa. Nikiwasomea watoto wanauliza mbadala gani, alizeti, karanga, ufuta, na nani atamkopesha mbolea ya hizo? Kengele ya mapumziko huwa inagonga hapo hapo, na mi sijawahi kusikitika ikigonga.

Mjomba alipanda basi Kange alfajiri, begi lake lina samaki wa kukaanga wa Deep Sea na kipande kikubwa cha sabuni ya kufulia nilichomnunulia. Desemba, miche ikiwa inahamishwa shambani, alinipigia. Ameweka ndoo mlangoni mwa kitalu, hakuna kuingia bila kunawa, na kijana mmoja ameacha kazi kwa kukatazwa ugoro. Mabaka yapo machache. Glavu kanunua jozi nne, vijana wanazivaa kwa zamu. Nikamuuliza na kule kwingine, akaelewa namaanisha deni, akasema mwaka huu kapunguza ekari moja ya tumbaku kaweka karanga, afu akaniuliza mimi mwalimu, karanga nazo zina virusi?

Zinavyo, nikamwambia, zinadumaa zinafanya kama kichaka, ila hicho kinaletwa na vidukari, sabuni haisaidii.